Siku Tulipompandisha Zaina Mezani

Mama Zaina wangu,

Barua ndefu hukuzipenda. Ulikuwa unasema mtu akiandika sana, ujue kuna kitu anakizungukia. Leo ni kweli ninazungukia kitu, lakini nitafika, univumilie kama ulivyozoea.

Nimekaa kwenye kibaraza chetu hapa Murara, Goma, redio tatu ziko mbele yangu matumbo wazi. Mji umechukuliwa tena. Sitakuambia na nani. Ulipotuacha ulikuwa umeshachoka kuwahesabu, na mimi siku hizi hata majina yao sijisumbui kuyajifunza. Nasikiliza tu nyimbo zinazopigwa redioni asubuhi. Zikibadilika, najua kuna mkubwa mwingine mjini, naenda kufungua kazi.

Nataka tukumbuke siku moja tu, ya mwaka ule wa volkano. Nimeisimulia kwa watu wengi, na kila mara naisimulia nusu. Nusu nyingine niliibakiza kwa ajili yako.

Unakumbuka tuliporudi kutoka tulikokimbilia? Hakuna aliyeturuhusu, lakini Goma nzima ilikuwa inarudi, na mtu hawezi kubaki peke yake ugenini eti anangoja ruhusa. Tukakuta mlima umepita katikati ya mji bila kuuliza njia. Mahali palipokuwa na maduka palikuwa na mto wa mawe meusi, umesimama, unafuka moshi. Tukasimama pembeni yake kama watu walioingia nyumba ya mwenye cheo, hatujui mikono tuiweke wapi. Nyumba yetu ya mbao ilikuwa imesimama, lava imepita ng'ambo ya avenue, barabara ya mtaa wetu. Shangazi Mwamini, dada ya baba yangu, akasema ni dua zake. Jirani yetu Mama Kahindo akasema ni kwaya ya kanisa lake. Wewe ukaangalia mteremko, ukaniambia pole pole ili wasisikie, "Imefuata njia ya maji ya mvua." Hapo ningepaswa kujua nimeoa mtu wa aina gani, ila nilikuwa bado kijana.

Ndipo ikaja habari ya mazuku. Sisi wa huku tunayajua tangu utoto, ile hewa isiyo na harufu inayotoka ardhini na kulala mabondeni. Kule Mugunga mbuzi anashuka shimoni kula majani, hapandi tena. Wiki ile redio ikasema volkano imefungua nyufa mpya, kwamba hewa ile ni nzito na inakaa chini, watoto wasilazwe chini. Redio ilisema kweli. Shangazi Mwamini akauchukua ukweli huo, akaupandisha mezani pamoja na mtoto wetu Zaina.

Si yeye peke yake, tusimwonee. Avenue nzima ilikuwa inapandisha watoto. Mama Kahindo aliwaweka mapacha wake juu ya kabati la nguo, wakawa wanatuangalia kutoka kule kama wajumbe wa serikali. Wengine waliwalaza juu ya magunia ya makala ya kupikia. Mtu angepita wiki ile akichungulia madirishani angedhani Goma tumeanza kuuza watoto kwa rafu. Sisi tulikuwa na ile meza yangu ya kazi, ndefu, ya mbao ngumu. Shangazi akaagiza tuiinue zaidi, tukaiweka juu ya matofali.

Wewe ukauliza, kwa heshima zote, "Shangazi, na akibiringika?"

"Mutoto wa miezi sita abiringike aende wapi?" shangazi akakujibu. "Eko na safari gani?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Ukazungushia mito pande zote, ukakaa karibu. Siku mbili tatu ukawa unapika huku jicho moja liko mezani. Zaina alikuwa bado hajawahi kubiringika. Nadhani alikuwa anatafuta tu siku.

Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Ulikuwa umeinama kuchukua kikombe, mimi niko mlangoni. Ardhi ikatetemeka, tetemeko dogo kama yale ya kila saa wiki ile, ambayo tulikuwa tumeshaanza kuyasalimia. Nje mtu akapiga kelele. Zaina akashtuka, akajipindua, akausukuma mto, akaufuata.

Mlio ule ninaujua bado. Kichwa cha mtoto juu ya simenti yenye mkeka hakifanyi kelele kubwa. Ni kama mtu ameweka kitabu chini. Baada yake pakawa kimya, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko mlima.

Halafu akalia.

Mimi nilikuwa nimeshafika, mikono mbele, tayari kumnyakua. Ukaunyoosha mkono wako kifuani kwangu bila hata kunitazama.

"Ngoja. Analia. Muache nimuangalie kwanza."

Ukapiga magoti. Nimeona watu wakipiga magoti mbele ya mambo mengi hapa mjini, mengine ya Mungu na mengine ya bunduki, lakini sijaona mtu akipiga magoti vile. Ukaweka uso wako pale anapoweza kuuona. Ukamwita jina, kwa sauti ile ile uliyomwitia asubuhi akiamka, wala si ya juu zaidi. "Zaina. Zaina wa mama. Niko hapa." Na macho yako, wakati mdomo unabembeleza, yalikuwa yanafanya kazi nyingine. Nilikuwa fundi wa redio niliyejifunza kwa kuziharibu, lakini kutafuta kasoro nilikuwa najua, na pale nikaona mtu anayetafuta kasoro bila kugusa waya. Uliangalia kifua kama kinapanda na kushuka sawa. Uliangalia mikono, wa kulia, wa kushoto. Ukaangalia miguu inavyopiga. Ukaangalia masikio na pua kama pametoka damu au maji. Ukangoja mpaka akakigeuza kichwa mwenyewe, upande huu na upande ule. Kisha ndipo ukapitisha kiganja kimoja chini ya kichwa na shingo, kingine chini ya mgongo, ukamwinua wote kwa pamoja, kama unavyoinua sufuria iliyojaa.

Nundu ilikuwa imeshatoka juu ya sikio. Ukaniambia, "Papa Zaina, kitambaa na maji ya baridi." Nikashukuru Mungu nimepewa kazi.

Na hapo ndipo avenue ikaingia nyumbani.

Shangazi mbele, Mama Kahindo nyuma yake, na wengine niliowajua kwa sauti tu. Kila mmoja alikuja na dawa yake mdomoni. "Mumutikise kidogo, moyo urudi mahali!" "Mumushike miguu, mumugeuze kichwa chini!" "Leteni kijiko cha moto, tukandamize ile nundu ikiwa bado laini!" "Mumwagieni maji ya uso!" "Asilale! Akilala tu, amekwenda!" Shangazi akanyoosha mikono. "Nipe huyo mutoto. Mimi nimelea tisa."

Mama Zaina, ulikuwa mke mdogo wa ndoa ya juzi. Mbele ya shangazi wa mume hukuwa na neno "hapana" katika mdomo wako. Lingekuwepo, mimi ndiye ningelipia mpaka leo. Nilikutazama nikajiuliza utafanya nini. Mikono ya shangazi ilikuwa imeshafika kwenye kitambaa.

Ukainua macho, mpole kabisa, kama mtu anayeulizia dini.

"Shangazi, pale alipoangukia, bado hapajamwagiwa maji."

Mikono ya shangazi ikarudi. Maana kwa watu wetu, wewe ulijua vizuri, mtoto akianguka mahali pale pamwagiwe maji, ardhi ipoe, isije ikamkumbuka. Na wewe hukuwa wa ukoo ule, lakini ulikuwa umesikiliza.

"Hata kweli!" akasema shangazi. "Kweli kabisa! Munasimama tu munaangalia, na mahali pamekauka!"

Wakakuachia mtoto, wote, wakauendea mkeka. Na sasa sikiliza, maana wewe ulikuwa umewapa mgongo, ukaukosa mchezo. Maji yalikuwa shida wiki ile, mabomba yameungua chini ya lava, kila bidon, yaani dumu, inatoka ziwani kwa kichwa. Mama Kahindo akaleta yake. Shangazi akasema maji ya ziwa yamepikwa na volkano, hayapozi kitu, yatafutwe ya mvua.

"Mvua gani, mama? Tangu mlima upasuke kumenyesha majivu tu!"

"Basi ya mutungi!"

"Mutungi wa nani?"

"Na yatamwagwa na nani? Anamwagaka mutu wa ukoo, si kila mutu!"

"Kumbe maji ni yangu, kumwaga ni kwako?" akasema Mama Kahindo.

Wakajadiliana kama mkutano wa amani, kila upande na wajumbe wake. Na kule kwenye godoro karibu na mlango, palipo na hewa, ulikuwa umekaa na Zaina mikononi, kitambaa baridi juu ya nundu, hakuna anayemtikisa, hakuna anayemgeuza, hakuna kijiko. Kilio kikashuka kikawa kwikwi. Nikakuangalia. Hukucheka. Lakini ukanitupia jicho moja dogo, la haraka sana, na mimi niliyekuwa najiona ndiye mjanja wa ile nyumba nikavua kofia moyoni na sikuivaa tena.

Ukampa titi. Akanyonya. Tukapumua. Halafu akayatapika yote, na baada ya muda kidogo akatapika tena.

"Tunaenda," ukasema.

Hukusema kwa kukimbia. Ulifunga kitenge kifuani, si mgongoni, mtoto akiwa mbele, uso wake wazi. Kijana wa jirani alitaka kutupeleka kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ukamwambia asante, chukudu inarusha hata viazi. Tukatoka kwa miguu. Nyuma yetu shangazi alikuwa ameshashinda mjadala wa maji na alikuwa anamwaga.

Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya lava. Watu walikuwa wamemwaga udongo na kupanga mbao juu yake, njia ya mtu mmoja mmoja. Juu palikuwa peusi na pamepoa kidogo, lakini kwenye nyufa ungeona wekundu chini, na kandambili zangu zikawa zinanata kama chapati. Mimi niliangalia ule wekundu. Sikuweza kuacha. Ni kitu cha kutisha na cha kupendeza, mtu anatembea juu ya mlima wenyewe, ulioshuka nyumbani kwake. Wewe hukuuangalia hata mara moja. Ulitazama uso wa Zaina, ukaweka mguu, ukatazama, ukaweka mguu. Kila hatua kadhaa ulimwita, ukangoja afungue macho, akafungua, ukaendelea.

Upande wa pili palikuwa na kizuizi cha askari, wale waliokuwa wameushika mji wakati ule. Mmoja akatusimamisha, akakukazia macho.

"Mama, uko na nini hapo mbele?"

"Mutoto."

"Mutoto anabebwaka ku mugongo. Mwanamuke gani wa huku anabebaka mbele? Fungua."

Na bunduki ikaelekea kwenye kitenge. Nilikuwa na maneno mengi siku zote, nilikuwa hata na utani wa askari, na vyote vikanikimbia. Wewe ukasema, "Nitafungua, papa. Ila pole pole, ameanguka kichwa. Uningojee nimushike shingo." Ukafungua pembe moja, halafu nyingine, bila haraka, mbele ya mtutu, kama vile yule mtu ndiye enfirmiye, muuguzi wako, na ulikuwa umekuja kwake. Akainama akaona nundu.

"Na kwa nini usimubebe nyuma?"

"Nyuma sina macho."

Kisha akairudisha bunduki begani na kuwapigia wenzake kelele waondoe kamba, mtoto ameanguka, wanangoja nini, wao hawana macho?

Enfirmiye wa kituo alikuwa mtu mzima, amechoka, kituo kimejaa watu walioungua miguu. Akauliza ameanguka kutoka juu ya nini. Uliposema meza juu ya matofali, kwa sababu ya mazuku, akafumba macho kidogo. Akasema wewe si wa kwanza wiki hii, jana aliletewa wa kabatini. Akauliza alilia pale pale, alizimia, ametapika vipi, ananyonya. Ukajibu kila kitu kwa mpangilio, bila kuongeza na bila kupunguza. Akammulika macho kwa tochi, la kwanza na la pili. Akapitisha kidole juu ya utosi, akamkunja na kumkunjua miguu. Akasema tukae pale pale kwenye benchi, asipewe dawa yoyote, amwangalie kwa muda.

Tulikaa. Zaina akasinzia na mimi nikaruka kumwamsha, maana nilikuwa nimebeba maneno ya avenue kichwani. Enfirmiye akaniambia, "Muache alale, muzee. Usingizi haumuui mutoto. Mumuamushe mara kwa mara tu. Akiamuka akakutambua, ni vizuri. Akikataa kuamuka, hapo munakuja mbio." Halafu akatuambia mengine ya kutazama siku zile: akitapika bila kukoma, akipata degedege, upande mmoja wa mwili ukilegea, maji au damu vikitoka sikioni au puani, utosi ukivimba, akilia kilio kisichobembelezeka. Ulisikiliza midomo ikitembea pole pole, unajirudia kila neno.

Jua likageuka. Zaina akaamka, akanyonya, maziwa yakakaa. Enfirmiye alipoinama tena kumwangalia, akamkamata pua. Hakuiachia. Yule mtu aliyechoka akabaki ameinama, pua yake mkononi mwa mtoto, akasema kwa sauti ya pua, "Munaweza kwenda. Na ile meza, muishushe." Kitanda cha kawaida kinatosha, akasema, milango iwe wazi, na kwenye mashimo msiende kabisa.

Mpaka hapa ndipo ninapoishia ninapowasimulia watu. Wanacheka kwa ile pua, na mimi natafuta sigara.

Nusu nyingine ni hii. Tulikuwa tunarudi, tumefika katikati ya lava, watu wamepungua njiani. Ukasimama. Ukafungua kitenge, ukanipa mtoto, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mushike. Kichwa. Vizuri."

Nikamshika. Ukasogea pembeni ya mbao, pale udongo ulipokuwa mnene, ukakaa chini.

"Nini, Mama Zaina? Umeumia?"

"Ngoja kidogo," ukasema. "Sasa ni zamu yangu."

Na ukaanza kutetemeka. Mikono kwanza, halafu mabega, halafu meno, nikayasikia yakigongana. Ulikuwa umekaa juu ya jiwe lililokuwa bado na moto wa mlima ndani yake, joto linapanda mpaka kwenye magoti yangu mimi niliyesimama, na wewe unatetemeka kama mtu aliyetolewa ziwani alfajiri. Hukulia kwa sauti. Uliweka kitenge mdomoni. Niligeuka nikasimama kati yako na njia, ili wanaopita waone mgongo wangu tu, mwanaume mwenye mtoto, anaangalia volkano. Sikukugusa wala kukuambia nyamaza. Nilielewa, na sijui nani alinielewesha, kwamba ile hofu ilikuwepo tangu pale kwenye mkeka, nzima, kubwa kama ya shangazi na ya avenue yote. Uliiambia ingoje. Ikangoja nyumbani, ikangoja njiani, ikangoja mbele ya bunduki na kwenye benchi, mpaka mtoto asiihitaji tena mikono yako. Nimeishi chini ya mlima huu maisha yangu yote, nimeuona usiku mbingu ikiwa nyekundu, na watu wakiniuliza kitu kikubwa nilichowahi kuona, nawajibu mlima kwa sababu wanataka kusikia mlima.

Ukainuka, ukajifuta. "Twende, shangazi atakuwa amemaliza maji yote." Hukuisema tena habari ile, na mimi sikuigusa. Ilikuwa yako.

Sasa kwa nini nakuandikia leo. Zaina alinipigia simu juzi kutoka Vitshumbi. Unajua aliolewa kule, mume wake anafanya biashara ya samaki, na wana mtoto wa kike sasa, anajivuta. Huyo mdogo alikuwa ameanguka kutoka kitandani. Zaina aliniambia kwa sauti iliyonyooka, kama mtangazaji wa habari. Hakumnyakua, alimwangalia kwanza, akamwinua na shingo. Kitambaa baridi. Wamempeleka kituoni, amepimwa, ananyonya, amelala vizuri, ameamka vizuri. Mawifi walikuja na kijiko cha moto, akawazuia mlangoni. Hakuniambia kwa njia gani na sikuuliza. Nilikuwa na kidole juu ya meza, nafuata kila jibu, na kila jibu lilikuwa mahali pake.

"Basi ni vizuri, mwanangu," nikamwambia.

"Ni vizuri, papa." Halafu akaniuliza, "Papa, siku ile mimi nilianguka, mama hakuogopa? Watu wote wanasema mama hakuogopaka."

Nikamwambia ukweli, Mama Zaina. Unisamehe au usinisamehe. Nilimwambia ulivyokaa chini katikati ya lava, na nilivyosimama. Nikamuuliza, "Na wewe, sasa hivi, mutoto eko na nani?"

"Eko na baba yake."

"Anamushika vizuri?"

"Ndiyo."

"Basi kaa chini."

Nikasikia kiti kikivutwa, na baada ya hapo meno yake yakigongana. Nilishika simu sikioni, nikageuka kuipa njia mgongo, hata kama mtu wa Vitshumbi hawezi kuonekana kutoka Murara, nikasimama hivyo mpaka kredi yake ikakatika.

Pumzika, mama. Huku tumeshika.

Mimi,
Papa Zaina